Milimita za Baba

Mwaka ule niliota ziwa mara nyingi. Lilikuwa la bluu iliyokolea, limetandaa juu ya kijiji chetu chote cha Nyamigogo, na ndani ya maji yake maangavu niliona shamba la baba likiendelea na maisha yake. Maharage yalitambaa kwenye miti, migomba ilipepea polepole, na baba mwenyewe alipita katikati ya matuta na kofia kichwani, wala halowi. Niliamka nikiwa na furaha nisiyoweza kuieleza. Kisha nilikumbuka ziwa lilikotoka, na furaha ikaniishia.

Lilitoka kwenye ramani, na ramani niliichora mimi.

Kazi yangu ni kutengeneza kurasa za mtandaoni, hasa fomu. Fomu za usajili, fomu za maombi, zile ambazo watu huzijaza huku wakisonya. Chumba ninachofanyia kazi kiko Nyamiaga, jirani na mji wa Ngara, na asubuhi ukungu hupanda kutoka mabondeni ukafika dirishani, hata vilima vikapotea kimoja kimoja. Nikifanya kazi saa zile huwa sina uhakika kama nimeamka vizuri. Pengine hicho ndicho chanzo cha mambo yote haya, lakini nikisema hivyo nitakuwa natafuta wa kumsingizia, na ukungu haujawahi kuandika programu.

Shirika moja dogo la wakulima liliniomba fomu ya mvua. Lilikuwa limegawa vipimamvua kwa watu wachache wa Ngara na Biharamulo: walimu wastaafu, mama mmoja muuza mbegu, katekista, na baba yangu. Kila siku saa tatu asubuhi mpimaji humimina maji ya mvua kwenye mrija wa kioo wenye alama, husoma milimita, kisha huiandika namba hiyo kwenye fomu kwa simu yake. Namba zikikusanyika, wakulima hutumiwa ujumbe: pandeni sasa, au subirini kidogo. Na kwenye ramani yangu kila kijiji kilipata rangi. Mvua chache, rangi ya kijivu. Mvua nyingi, bluu.

Baba hakupewa kipimamvua kwa sababu ya kunizaa. Alikuwa akipima mvua kabla shirika lile halijafikiriwa, kwa kopo la maziwa na rula ya shule, akiandika kwenye madaftari ambayo mama aliyaita mke wa pili. Ni mtu wa vipimo. Hata chumvi huitia kwenye mboga kama anayepima dawa. Mama alipofariki, baba aliacha karibu kila kitu, hata kunyoa ndevu aliacha. Kilichomtoa kitandani kilikuwa saa tatu. Ilimbidi avae shati, atoke, akasome mvua, hata siku ambayo hakuna mvua, maana sifuri nayo huandikwa. Kwa hiyo nilipopigiwa simu na mratibu wa shirika nilielewa kinachotaka kutokea, kabla hajamaliza kujikohoza.

"Dada, samahani," alisema. "Ni kuhusu mzee."

Akanieleza kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionichoma. Namba za mzee zilikuwa zimezidi. Siku moja aliandika milimita mia moja na thelathini na mbili, wakati kijiji cha jirani, mwendo wa saa moja kwa miguu, kiliandika kumi na nne. Wakampigia simu kumwuliza, naye akajibu kwamba atajitahidi kuangalia vizuri zaidi. Namba zikaendelea vilevile. Hawakusema kwamba anadanganya. Walisema ni umri. Waliamua kwamba mwisho wa mwezi kipimamvua kihamishiwe kwa mtu mwingine, na waliona ni heshima zaidi mimi mwenyewe nikamwambie.

Nilikasirika, na aliyenikasirisha ni baba. Nakiri hivyo bila kujipamba. Nilisema peke yangu, kwa sauti, macho yamekwisha na hataki kusema, kiburi chake kile kile. Huyu ndiye mtu aliyevunjika kidole akakifunga kwa kamba ya katani, akaendelea kulima siku tatu. Ramani ilikuwa mbele yangu na Nyamigogo imezama, bluu tupu, na mimi nilitazama ziwa lile nikaona ukaidi wa mzee mmoja. Fomu yangu nilikuwa nimeijaribu kwenye kompyuta na kwenye simu yangu. Kila kitu kilipita. Sikuifikiria hata kidogo.

Nikapanda Noah ya abiria asubuhi iliyofuata. Barabara ya kutoka Ngara huteremka vilima kwa mizunguko, na mwili husinzia wenyewe. Nilisinzia, nikaamka Benaco penye foleni ya malori yaliyotoka mpakani Rusumo, nikasinzia tena, na kila nilipofumba macho nilikuwa nikimwambia baba ile habari kwa maneno mengine. Katika maneno yote hayo mimi nilikuwa mpole na mwenye busara. Nilipofika Lusahunga nikachukua bodaboda. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha huku jua linawaka, na dereva akasema leo fisi anaoa. Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka, nikienda kufanya nilichokuwa nakwenda kufanya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mvura imekuleta."

Kwa Kihangaza ni imvura, naye hajawahi kuona sababu ya kuibadilisha herufi moja kwa ajili ya Waswahili. Alikuwa amenyoa, amevaa shati safi. Nilimtazama jinsi mgambo anavyomtazama mtu sokoni, nikitafuta ushahidi, na ushahidi nikaupata mara moja. Baiskeli yake haikuwepo ukutani. Nilipouliza, alisema amempa mpwa wake. Barabara ina mawe siku hizi, alisema. Barabara ile imekuwa na mawe tangu dunia iumbwe. Halafu, tukiwa tunakula ndizi na maharage, akataja kana kwamba ni jambo dogo kuwa kanisani haendi tena mbele kusoma somo la Jumapili. Wasome wengine, alisema, yeye amesoma vya kutosha.

Nikasema moyoni, haya basi. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale. Alikuwa akimenya ndizi ya kunipa, akivuta kila uzi mweupe mmoja mmoja kama alivyonifanyia nilipokuwa mtoto. Nikajisemea nitamwambia kesho, baada ya saa tatu.

Mvua ilinyesha alfajiri. Naikumbuka mvua ile kuliko mvua nyingine zote, ingawa haikuwa kubwa. Ilikuwa inapita juu ya bati kwa mikupuo, inasimama, inasikiliza, inarudi. Nililala nikiisikiliza katika chumba nilichozaliwa, nikiwa nusu mtoto na nusu mtu mzima mwenye habari mbaya mfukoni. Kulipopambazuka kila kitu kilikuwa kinatoa mvuke: ardhi, samadi, mgongo wa ng'ombe wa jirani.

Saa tatu kamili alitoka. Nilimfuata. Kipimamvua chake amekisimamisha mbali na nyumba na mbali na miti, kimezungushiwa uzio wa matete ili mbuzi wasikiguse. Alimimina maji kwenye mrija bila kupoteza tone. Halafu hakuuinua mrija usoni kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Aliuweka juu ya kipande cha ubao kilichonyooka, akachuchumaa mpaka macho yakawa sawa na maji, akasubiri. Magoti yalilia. Alisubiri maji yatulie, kisha akasubiri tena yeye mwenyewe atulie.

"Kumi na mbili, koma, tano," alisema.

Nilichuchumaa kando yake, nikatazama. Maji yalikuwa katikati kabisa ya alama ya kumi na mbili na ya kumi na tatu.

Nikaangalia tena. Nilitaka sana niwe nimekosea, ndiyo aibu ninayoibeba mpaka leo, kwa sababu nilikuwa nimesafiri na hasira nzima na sikujua sasa niiweke wapi. Baba alikuwa amesoma sawasawa. Akaandika kwenye daftari, kwa penseli: 12,5. Kisha akatoa simu.

Simu ile aliinunua mpakani, na ilikuja ikiongea Kifaransa. Mtu mwingine angeibadilisha. Baba alisoma shule ya misheni upande wa Burundi, kabla wazazi wake hawajahamia huku, na mpaka leo akihesabu haraka midomo yake hucheza kwa Kifaransa. Kwa hiyo aliiacha ilivyo, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Fomu yangu ilipofunguka, vitufe vya namba vikapanda. Pembeni ya sifuri, mahali ambapo simu yangu huwa na nukta, simu yake ilikuwa na koma. Nukta haikuwepo kabisa. Aliandika 12,5 kwa kidole kimoja, akaihakiki, akatuma.

Ukurasa ukamjibu kwa maneno niliyoyachagua mimi, kwa herufi kubwa za kijani nilizozichagua mimi: *Asante. Tumepokea: 125.*

Baba aliifuta simu kwa pindo la shati, akaigeuza upande, akaiinua kuelekea jua, akaiinamisha. Aliisogeza karibu na pua, kisha mbali kwa urefu wote wa mkono. Alifanya hivyo taratibu, bila haraka, kama kazi ya kila siku.

"Unatafuta nini, baba?"

"Koma," alisema.

Akaendelea, akiwa bado anaitazama simu.

"Nikiiandika naiona. Nikiituma, siioni. Mwanzo nilidhani kioo kimechafuka. Nikakiosha. Nikanunua miwani mnadani, siioni. Basi nikajua. Macho yangu yanaona vitu vikubwa tu sasa. Namba naziona, koma siioni. Sasa mtu asiyeona koma ataonaje jiwe barabarani? Ataonaje kifaranga? Nikaitoa baiskeli kabla sijamgonga mtoto wa mtu."

"Na kanisani?"

"Somo la Mungu ukiliruka koma unaligeuza."

"Lakini kwenye kitabu cha masomo koma unaziona?"

Alifikiri. Baba huwa hajibu swali kabla hajalipima.

"Kule naziona," alisema. "Ila masomo yale nimeyasoma miaka mingi. Nani atanihakikishia kwamba naziona, au nazikumbuka?"

Nilikaa chini, kwenye majani yaliyolowa, sketi na yote. Mstari wenyewe wa programu ulinijia mbele ya macho, mfupi, safi, kama nilivyouandika. Fomu yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya makarani wa mazao, na makarani wale walipenda kuandika 1,200 kwa kilo elfu moja na mia mbili, na programu ikawa inagoma. Ndipo nikaandika mstari mmoja unaofuta kila koma kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Matatizo yakaisha. Niliupenda sana mstari ule. Nikaubeba nikaupandikiza kwenye kila fomu iliyofuata, jinsi mtu anavyobeba mbegu nzuri, na kwenye fomu ya mvua ukaota vilevile. Kumi na mbili koma tano ikawa mia moja na ishirini na tano. Saba koma sifuri, maana baba haachi sifuri yake hata kwa dawa, ikawa sabini. Manyunyu ya sifuri koma nane yakawa mvua ya nane.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilijua. Darasa la tano mwalimu wangu alinichorea alama nyekundu za kosa daftari zima kwa sababu ya koma nilizofundishwa nyumbani. Nililia njia nzima. Jioni nilimwambia baba kwamba koma zake ni za kizamani na za ng'ambo, na tangu siku hiyo nikaandika nukta. Nilijifunza vizuri mno. Nilipokuja kuandika programu, koma ya baba ilikuwa imetoka kichwani mwangu kana kwamba haijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimekuja kwa gari kumkagua mwenzangu.

"Baba," nikasema, "haipo."

"Nini haipo?"

"Koma. Haipo kwenye kioo. Huioni kwa sababu haipo. Nimeifuta mimi."

Alinitazama, akaitazama simu, akanitazama tena.

"Umeifuta saa ngapi? Simu ninayo mimi."

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa kukatakata, huku nikifuta machozi kwa mkono wenye matope. Nilimwambia kuna mstari niliuandika Ngara, na kila koma ikipita pale inaondolewa.

"Kila koma?"

"Kila koma."

"Bila kuiuliza imetumwa na nani?"

"Bila kuiuliza."

"Huyo askari wako ni mkali," alisema baba.

Kompyuta ilikuwa kwenye begi. Mtandao wa pale unapatikana vizuri ukikaa karibu na kichuguu cha nyuma ya zizi, basi nikakaa hapo, kwenye kiti cha baba, kompyuta mapajani, kuku wakipita chini. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Niliufuta ule mstari, na ulipotoka nilisikia kama mwiba umetoka. Nikaandika kwamba alichoandika mtu kihifadhiwe kwanza kama alivyokiandika mwenyewe, kisha ndipo kifasiriwe. Kwenye fomu ya mvua, koma na nukta zote mbili zikubaliwe kuwa alama ya sehemu ya milimita. Mtu akiandika kitu kinachoweza kusomeka kwa njia mbili, fomu isijifanye inajua. Iulize. Na ikishapokea, imrudishie mtu namba yake kwa sura ile ile aliyoizoea.

Baba alileta madaftari. Alisimama karibu na kichuguu akanisomea, siku baada ya siku, tangu mvua za vuli zilipoanza, na mimi nikasahihisha. Alisoma kwa ile sauti yake ya kanisani, anapumzika kwenye kila koma. Tatu, koma, mbili. Sifuri. Sifuri. Kumi na tatu, koma, mbili. Jua lilipanda, mvuke ukaisha, na mimi nikawa siandiki tena namba, nilikuwa naona asubuhi zake zote ambazo sikuwepo, moja moja, akitoka kwenye nyasi zilizolowa kwenda kuchuchumaa mbele ya ubao. Nilitamani yasiishe.

Tulipomaliza nilimpigia mratibu. Sikuzunguka. Nilimwambia mzee hajakosea hata siku moja, aliyekosea ni mimi, na ushahidi upo kwa penseli. Akasema Mungu wangu, kisha akaomba azungumze na mzee. Baba alimsikiliza kwa muda mrefu, akasema ndiyo, hapana, ndiyo, hakuna shida binti yangu. Kipimamvua kingebaki. Alipomaliza kuongea aliirudisha simu mfukoni, akaupigapiga mfuko kutoka nje.

Hapo ndipo nikamwuliza, na niliuliza kwa ukali, maana huo ndio ukali wangu, hutoka hata ninapotaka kuomba msamaha.

"Miezi yote hiyo, baba! Umegawa baiskeli, umeacha kusoma, umekaa hapa peke yako ukijua unapofuka. Na fomu imeandikwa na mwanao, namba yangu unayo. Kwa nini hukunipigia ukaniambia fomu yako inakosea?"

Alishangaa. Alishangaa kwa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuingilia dirishani wakati mlango uko wazi.

"Nilipima," alisema. "Upande huu macho ya mzee, upande huu kazi ya mwanangu. Nikaona kazi ya mwanangu ndiyo ya kuaminika."

Akaokota madaftari yake, akaingia ndani kutafuta chai. Mimi nilibaki kichuguuni na kompyuta yangu. Nilipigiwa simu kuhusu mtu huyu, na sikupima hata dakika moja.